Mashine ya masikio hufanyaje kazi, na kwa nini ya baba yangu iliishia ndani ya kopo la maziwa

FundiRedio_Jinja (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salamu kutoka Jinja. Nimekuwa fundi wa redio kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo niliamini kwamba mashine ya masikio haiwezi kunipiga chenga: maikrofoni upande mmoja, amplifaya katikati, spika upande wa pili, na betri ya kuviendesha vyote. Kwa imani hiyo nilimnunulia baba yangu, sajini mstaafu, kifaa cha bei nafuu kwenye kibanda kimoja mjini, nikamvalisha, nikazungusha kidude cha sauti mpaka akasema kwamba anasikia. Baada ya siku nne nilikikuta juu ya kabati, ndani ya kopo la maziwa ya unga, kimefunikwa na mfuniko wake vizuri kabisa. Mzee alinieleza kwa upole kwamba masufuria yalikuwa yanampigia kelele kuliko watu, na kwamba maneno ya wajukuu bado hayaeleweki, ila sasa hayaeleweki kwa sauti kubwa.

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo iliyonirudisha darasani. Nimesoma, nimewauliza wanaohusika, nimekaa na mzee kwenye chumba cha vipimo, na ninaandika hapa kwa ajili ya yeyote anayetaka kumnunulia mzazi wake kifaa kama nilivyofanya mimi, yaani kwa mapenzi mengi na maarifa kidogo.

Tuanze na sikio lenyewe. Sauti huingia kwenye tundu la sikio na kutikisa kiwambo, kiwambo hutikisa vifupa vitatu vidogo, na vifupa hivyo husukuma majimaji yaliyomo ndani ya koklea, kiungo kilichojiviringa kama nyumba ya konokono. Humo ndani mna seli zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 kwa kila sikio, na kila eneo lina zamu yake: zilizo karibu na mlango hupokea sauti nyembamba, zilizo mwisho wa mzunguko hupokea sauti nzito. Wachache miongoni mwa seli hizo ndio wanaopeleka habari kwenye ubongo. Walio wengi kazi yao ni kuzikuza sauti hafifu kabla hazijapelekwa, na hao ndio wa kwanza kufa kwa kelele na uzee. Kwa binadamu, seli iliyokufa haioti tena.

Mlio wa bunduki ya kivita hupita desibeli 140 (desibeli hupima ukubwa wa sauti) sikioni mwa anayeipiga, na madhara ya kelele ya namna hiyo huonekana kwanza karibu na hezi 4,000 (hezi hupima wembamba wa sauti: namba ikipanda, sauti huwa nyembamba zaidi). Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee. Kwenye karatasi ya vipimo, ambayo huitwa odiogramu, mstari wake ulitembea tambarare kuanzia hezi 250 mpaka 1,000, kisha ukaporomoka kama gari linaloteremka kutoka Kapchorwa kwenda Mbale, hadi desibeli 65. Maana yake ni kwamba sauti nzito anazisikia karibu sawa na mimi, lakini sauti nyembamba hazimfikii mpaka zipigwe kwa nguvu.

Sasa tazameni jambo hili linavyoingia katika lugha yetu. Irabu, yaani a, e, i, o, u, nguvu yake kubwa iko chini, mahali ambapo mzee bado ni mzima. Konsonanti kama s, f, sh na t ziko juu, mahali palipobomoka. Kwa kuwa karibu kila silabi ya Kiswahili huishia na irabu, mzee husikia mwendo wote wa sentensi, urefu wake na hata hasira au furaha ya msemaji, lakini meno ya maneno yametoka. Mjukuu akisema "Mama anapika", yeye husikia "Mama anafika", anainuka kwenye kiti na kwenda kutazama getini. Nyumbani tulikuwa tunacheka, tukidhani ni akili inayozeeka. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kifaa cha kibandani kilikuza kila kitu kwa kiwango kilekile. Sauti nzito ambazo mzee hakuzihitaji, kama ngurumo za malori ya barabarani na mvumo wa upepo, zilipanda pamoja na konsonanti alizozikosa na kuzifunika tena. Mashine halisi ya masikio huigawa sauti kwanza katika makundi ya wembamba na uzito, kisha kila kundi hupewa nyongeza yake kwa kufuata odiogramu ya sikio husika. Kanuni ya zamani, inayotumika kama makadirio tangu miaka ya 1940, ilisema kwamba nyongeza iwe karibu nusu ya upungufu. Palipopotea desibeli 60, ongeza 30 hivi. Kanuni za leo ni pana zaidi, lakini wazo la kutolipa deni lote bado lipo, na sababu yake ndiyo iliyonishangaza kuliko zote.

Sababu ni hii: sikio lililoharibika limepandishiwa sakafu, lakini paa lake halikusogea. Mimi husikia kuanzia mnong'ono mpaka kelele inayoumiza, karibu na desibeli 100. Mzee, kwenye sauti nyembamba, huanza kusikia kwenye 65, lakini huumia palepale ninapoumia mimi. Kwa hiyo mambo yote ya dunia, kuanzia mnong'ono wa mjukuu hadi sufuria inayoangukia saruji, lazima yabanwe yaenee kwenye chumba hicho kifupi. Mashine nzuri huiongezea sauti hafifu desibeli nyingi, sauti ya kawaida kiasi, na sauti kubwa kidogo sana au isiiongezee kabisa, na hubadilisha uamuzi huo mara nyingi ndani ya sekunde moja. Sisi mafundi wa redio tumezoea kusifu amplifaya inayokuza kila kitu kwa uaminifu; hapa uaminifu wa namna hiyo ndio ugonjwa wenyewe.

Kazi hii ilikuwa ngumu kwa transista za mwanzo, ambazo ziliingia katika mashine za masikio mwaka 1952. Vifaa vya kidijitali vinavyovaliwa sikioni vilianza kuuzwa mwaka 1996. Ndani yake sauti hukatwa kuwa namba maelfu ya mara kwa sekunde, namba hupigiwa hesabu, kisha hurudishwa kuwa sauti, na safari yote kwa kawaida huchukua chini ya milisekunde 10. Ikizidi hapo sana, mtu huanza kusikia mwangwi wa maneno yake mwenyewe.

Maswali karibuni.

MchomeleajiKatwe

Mkuu, nashukuru kwa maelezo. Mimi nafanya kazi Katwe, kuchomelea na kugonga mabati tangu asubuhi mpaka jioni, na kwa miaka miwili sasa masikio yananivumia usiku kama kuna jenereta nje ya dirisha. Nina maswali mawili. Kwanza, je, mashine ikiongeza sauti haitamalizia seli zilizobaki? Pili, je, nikiivaa na kuizima ninapogonga mabati, haiwezi kunikinga?

FundiRedio_Jinja

Swali lako la kwanza nililiuliza mimi pia. Mashine inayopangwa kwa vipimo huwekewa dari, yaani kiwango ambacho sauti inayotoka haitakipita hata kama bomba la lori limepasuka kando yako, na dari hiyo huwekwa chini ya pale sikio lako linapoanza kuumia. Kifaa cha kibandani huenda hakina dari ya kuaminika, na hapo hofu yako ni ya haki.

La pili, hapana. Mashine ya masikio iliyozimwa si kinga, hasa zile zenye matundu ya kupitisha hewa. Tafuta vizibo au vifunika masikio vya kazini. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi inapendekeza kwamba mtu asizidi saa nane kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda huo ukatwe nusu; ukifika 100 umebakiwa na dakika 15 tu kwa siku. Wewe mwenyewe unajua nyundo na bati zinafanya nini kwa dakika 15. Kuhusu mvumo, mashine haiutibu, lakini wengi wenye upungufu wa kusikia huona umepungua wanapoivaa, kwa sababu sauti za nje zinarudi na ubongo unapata kitu kingine cha kusikiliza. Kapime kwanza.

MamaWaWawili_Busia

Naomba nisaidiwe. Binti yangu wa miaka minne aliugua homa ya uti wa mgongo mwaka huu, na tangu apone hageuki nikimwita kutoka nyuma, ingawa mlango ukibamizwa anashtuka. Jirani ananishauri ningoje kwanza akue. Je, mtoto wa umri huo anaweza kuvaa mashine, na atapimwaje ikiwa hawezi kueleza anachosikia?

Mpimaji_Kampala

Nnyabo, usingoje. Ninafanya kazi ya kupima usikivu, na kwa ugonjwa huo hasa muda una thamani, kwa sababu baada ya homa ya uti wa mgongo mfupa unaweza kuanza kuota ndani ya koklea na kuziba njia. Mtoto kama huyo anatakiwa kupimwa mapema iwezekanavyo baada ya kupona. Anza na hospitali iliyo karibu nawe, ueleze ugonjwa aliougua, na uombe rufaa. Hospitali ya Mulago, huku Kampala, ina idara ya masikio, pua na koo.

Kuhusu kupima, mtoto wa miaka minne mara nyingi hufundishwa mchezo: kila akisikia mlio anatumbukiza shanga kwenye kikombe. Akishindwa, kipo kipimo cha kumfanyia akiwa amelala, ambapo vibandiko vyenye nyaya huwekwa kichwani na mashine husoma jinsi mshipa wa kusikia na ubongo unavyoitikia milio. Mtoto haulizwi lolote. Kushtuka mlango unapobamizwa kusikufariji sana, maana mlango ni sauti nzito na kubwa, tena hutikisa sakafu.

Ikionekana kwamba seli zimebaki za kutosha, atavaa mashine ya nyuma ya sikio yenye moldi, yaani kizibo laini kinachotengenezwa kwa kumimina ute maalumu sikioni ili ukauke kwa umbo la tundu lake yeye. Masikio ya watoto hukua, kwa hiyo moldi hiyo itabadilishwa kila baada ya miezi kadhaa, na mzazi anatakiwa kuijua gharama hiyo tangu mwanzo. Ikiwa seli zimekufa kabisa, hakuna mashine itakayosaidia kwa kukuza sauti, kwa sababu mpokeaji hayupo. Hapo ndipo huzungumziwa kipandikizi cha koklea, ambacho huingizwa kwa upasuaji na kuuamsha mshipa wa kusikia kwa umeme moja kwa moja. Hicho ni kitu kingine kabisa, na watu hukichanganya sana na mashine ya kawaida.

Akishaanza kuvaa, kila asubuhi simama nyuma yake, hatua mbili, ufunike mdomo, utamke sauti hizi sita mojamoja: mm, uu, aa, ii, sh, s. Zimechaguliwa kwa sababu zinatembea kutoka uzito hadi wembamba wa matamshi yote. Siku atakapoitikia "aa" na kuikosa "s" ambayo jana aliipata, ujue kuna kasoro: betri, nta, au maji ndani ya kijibomba kinachounganisha mashine na moldi.

MlemavuSiyeKimya_Mbale

Ninaandika kama kiziwi aliyevaa mashine utotoni na kuiacha akiwa na miaka kumi na mitano. Sipingi kifaa. Ninachopinga ni shule na wazazi wanaomvalisha mtoto mashine kisha wakahesabu kazi imekwisha. Mimi nilikuwa nasikia kengele, ngoma na pikipiki. Hotuba ya mwalimu ilikuwa mvumo. Niliambiwa sijitahidi. Lugha ya alama ndiyo iliyonipa masomo, na Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaja kwa jina, ikitaka iendelezwe. Mama wa Busia, mpe mtoto vyote viwili sasa hivi, asingojee kimoja kishindwe ndipo apewe kingine.

Mpimaji_Kampala

Nakubaliana na ndugu wa Mbale, na niongeze sababu ya kifundi ya huo mvumo. Mwalimu akiwa mita moja kutoka kwenye maikrofoni ya mashine ya mtoto, sauti yake iko juu ya kelele za darasa. Akirudi nyuma, kila umbali unapozidishwa mara mbili sauti inayomfikia mtoto moja kwa moja hupungua kwa desibeli sita hivi, wakati kelele za wenzake hazipungui. Mashine hukuza zote mbili. Dawa ya kifundi ni mwalimu kuvaa maikrofoni ndogo kifuani inayorusha sauti yake kwa redio hadi kwenye mashine ya mtoto, kana kwamba anazungumza sikioni mwake. Vifaa hivyo vipo, lakini si kila shule inavipata.

Abiria_wa_Taksi

Samahani kwa kuuliza kama mtu mwenye shaka. Hivi sasa visikilizio vya simu navyo vinasemwa kwamba vinasaidia kusikia. Kwa nini nilipe fedha nyingi kwa ajili ya kitu chenye maikrofoni na spika ilhali nina vitu hivyo mfukoni?

FundiRedio_Jinja

Shaka yako ina msingi. Marekani iliruhusu mwaka 2022 mashine za masikio ziuzwe dukani bila agizo la mtaalamu kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa kati, na mwaka 2024 mamlaka yao ikaidhinisha programu inayovigeuza visikilizio vya AirPods Pro 2 kuwa kifaa cha namna hiyo. Lakini angalia kilichofanya vikubalike: programu humpima mtu kwanza, kisha hukuza kwa kufuata vipimo hivyo. Programu inayopaza tu bila kupima ni kile kifaa changu cha kibandani kikiwa kimevaa nguo mpya. Na kwa mtoto, au kwa mtu ambaye sikio moja tu limeziba ghafla, au sikio linatoa usaha, simu iwekwe pembeni na mtu aende hospitali.

Niruhusuni sasa nimalizie habari za mzee, maana mashine yake ya pili, ile iliyopangwa kwa kompyuta, nayo ilikuwa na vituko.

Siku ya kwanza alilalamika kwamba akizungumza anajisikia kama mtu aliyeingiza kichwa ndani ya pipa. Sababu ni kwamba sauti ya mtu hupita pia kwenye mifupa ya kichwa na kutikisa tundu la sikio; tundu likiwa wazi mtikisiko huo hutoka nje, likizibwa hurudi ndani na kuvuma. Mtaalamu alitoboa kijitundu kwenye moldi. Mvumo ukapungua, lakini ukazuka mluzi, ule ambao kila aliyehudhuria sherehe ya kwanjula anaujua: mshereheshaji akisogea mbele ya spika akiwa na kipaza sauti, sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye kipaza sauti, inakuzwa tena, inazunguka mpaka watu wanaziba masikio. Ndani ya sikio umbali kati ya spika na maikrofoni ni sentimita chache tu. Mashine hupambana na mluzi kwa kutengeneza sauti iliyo kinyume chake ili zifutane, na hufanikiwa kwa kiasi, lakini kati ya kijitundu kikubwa na nyongeza kubwa lazima mtu achague. Tulirudi kliniki mara tatu. Anayeuza mashine na kukuambia kwamba hutahitaji kurudi, mimi nisingenunua kwake.

Kelele za sokoni bado zinamshinda, ingawa si kama zamani. Mashine yake ina maikrofoni mbili, moja mbele na nyingine nyuma, zilizotengana kwa sentimita moja hivi. Sauti ya mbele huifikia ya kwanza mapema kuliko ya pili kwa muda wa sehemu 30 hivi za milioni moja za sekunde, na kwa tofauti hiyo ndogo mashine hutambua kilicho mbele na kukipunguza kilicho nyuma. Kwa hiyo tumeanza kumketisha mzee mgongo wake ukielekea barabarani na uso wake ukituelekea sisi. Kiti tu kimefanya kazi ambayo fedha haikufanya.

MamaWaWawili_Busia

Nimepata tarehe ya kupimwa, Mungu awabariki. Swali dogo: betri zinakaa muda gani, na mvuke wa huku hauharibu vifaa?

FundiRedio_Jinja

Mama, hongera. Betri nyingi za aina ndogo hufanya kazi kwa zinki na hewa, na hubadilishwa takribani kila wiki moja au mbili, kutegemea ukubwa wake na nguvu ya mashine. Zina stika ya rangi mgongoni: kahawia kwa namba 312, rangi ya chungwa kwa namba 13, buluu kwa namba 675. Stika hiyo huziba matundu ya hewa. Ukiibandua, hewa inaingia na betri inaanza kujila, uitumie usiitumie, na kuirudishia stika hakuizuii vya kutosha. Mzee alipopata pakiti ya kwanza ya betri sita alikaa barazani na kuzibandua stika zote, akazifuta kwa kitambaa na kuzipanga mstari mmoja kama risasi za gwaride. Nne kati yake zilikufa bila kuingia kwenye mashine. Wewe bandua moja, iache dakika moja ipate hewa, ndipo uiingize.

Kuhusu unyevu, ni kweli kwamba jasho na mvuke huharibu mashine kuliko kuanguka. Usiku toa betri, ifute mashine kwa kitambaa kikavu, uitie kwenye chombo chenye mfuniko unaobana pamoja na vipakiti vya chembechembe za silika, vile vinavyokuwa ndani ya maboksi ya viatu vipya. Betri isiingie humo, itakauka. Moldi ichomolewe na kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha puliza kijibomba mpaka kikauke kabla ya kuirudisha. Chombo tunachotumia sisi ni lile kopo la maziwa.